Graniti ya Kasika: jiwe linalotunza umri wa milima ya Kivu

Kwenye barabara ya taifa namba 2, inayotoka Bukavu kuelekea Mwenga na Kamituga, kuna Kasika. Wakaaji wengi wa Kivu Kusini wanalijua jina hilo kwa sababu ya mauaji ya Agosti 1998, na familia zilizotoka upande huo bado zinawakumbuka wapendwa wao. Lakini katika maandishi ya wanajiolojia, yaani wataalamu wa mawe na udongo, jina la Kasika limewekwa kwa sababu nyingine kabisa. Hapo kuna graniti, jiwe gumu la rangi ya kupauka, ambalo umri wake ulipimwa na kuchapishwa mwaka 2010: miaka milioni 986, na pengo la milioni 10 kwenda juu au kwenda chini.

Kwa mtu anayetafuta unga wa jioni, namba hiyo inaweza kuonekana haina kazi. Lakini ndiyo inayoeleza kwa nini kasiteriti na koltani vinapatikana Kivu, Maniema, Rwanda na hadi Manono. Ndiyo pia iliyosaidia kusahihisha kosa kubwa katika historia ya milima ya sehemu hii ya Afrika, kosa lililofundishwa shuleni na kwenye vyuo vikuu kwa miaka mingi.

Umri wa mlima na umri wa jiwe

Kabla ya kufika mbali, ni lazima kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: umri wa mlima na umri wa jiwe lililo ndani ya mlima.

Goma ni mfano rahisi. Familia nyingi zilizokimbia vita zilijenga vibanda vyao juu ya mawe meusi, makali, yasiyokubali hata kigingi cha hema. Hayo ni lava ya volkano. Sehemu ya lava hiyo ilishuka kutoka Nyiragongo Januari 2002, nyingine Mei 2021. Kuna mawe Goma ambayo ni madogo kwa umri kuliko watoto wanaocheza juu yake.

Ukitoka kwenye lava na kupanda milima ya Masisi, Kalehe au Mwenga, unakuta mawe ya namna nyingine: mawe ya tabaka yaliyokunjwa na kubanwa, mawe meupe yenye kumeta, na graniti. Milima hiyo ilipata urefu wake wa leo hivi karibuni, kwa hesabu ya dunia. Bonde la Ufa, lile lililobeba maziwa Albert, Edward, Kivu na Tanganyika, lilipoanza kupasuka katika miaka milioni 25 hivi iliyopita, kingo zake ziliinuka. Kwa hiyo kuinuka kwa milima ni jambo jipya. Mawe yaliyoinuliwa ndiyo ya zamani. Ni kama mtu aliyechukua mbao za nyumba ya babu yake na kujengea nyumba mpya: nyumba ni ya juzi, mbao ni za kale.

Na hizo mbao za kale zina historia yake. Zamani sana, kabla ya mnyama wa kwanza kutembea juu ya nchi kavu, kabla hata ya majani kuota, kulikuwa na milima mingine mahali hapa. Milima hiyo ilijengwa, ikasimama, ikaliwa na mvua na mito mpaka ikaisha. Kilichobaki ni mizizi yake. Graniti ya Kasika ni sehemu ya mizizi hiyo.

Jiwe lililopenya mawe mengine

Graniti haizaliwi juu ya ardhi kama lava. Inaanza kama magma, yaani mawe yaliyoyeyuka kwa joto, ndani ya ardhi. Magma hiyo inapanda polepole, inapenya katikati ya mawe yaliyokuwepo, kisha inakwama na kupoa kilomita kadhaa chini. Kwa sababu inapoa polepole, chembe zake zinapata muda wa kukua, na ndiyo maana mtu anaweza kuziona kwa macho: nyeupe, kijivu, nyeusi, nyingine zenye kumeta.

Hapo kuna somo la kwanza. Popote graniti inapoonekana juu ya ardhi, ujue paa lake limekwisha kuondoka. Mawe yote yaliyoifunika, kilomita nzima za mawe, yamemomonyoka na kupelekwa na maji. Mwenye shamba juu ya graniti analima mahali palipokuwa chini kabisa ya mlima.

Somo la pili ni la utaratibu. Msumari hauwezi kuingia kwenye ubao ambao haujakatwa bado. Vivyo hivyo, magma haiwezi kupenya jiwe ambalo halijakuwepo. Kwa hiyo jiwe lililopenya siku zote ni dogo kwa umri kuliko jiwe lililopenywa. Wanajiolojia wanaongeza swali jingine: je, graniti yenyewe imebanwa? Chembe zake zikiwa zimelazwa upande mmoja kama nyasi zilizokanyagwa, basi kubanwa kulitokea baada ya graniti kupoa. Lakini ikiwa mawe ya pembeni yamekunjwa na graniti imepita katikati ya mikunjo hiyo bila kuumia, basi kubanwa kulikuwa kumekwisha.

Hii ndiyo sababu mawe yaliyopenya ni mashahidi wazuri wa ujenzi wa milima. Mlima unajengwa ardhi inapobanwa, na mkunjo hauna tarehe juu yake. Graniti inaweza kuwa na tarehe. Ukijua umri wa graniti iliyobanwa na umri wa graniti ambayo haikubanwa, unajua kwamba ardhi ilibanwa katikati ya tarehe hizo mbili.

Saa iliyofichwa ndani ya zirkoni

Tarehe yenyewe inatoka wapi? Inatoka kwenye chembe ndogo inayoitwa zirkoni. Kwa kawaida ni ndogo kuliko punje ya chumvi. Wanaoosha mchanga mtoni kutafuta dhahabu au kasiteriti huipata bila kujua, kwa sababu ni nzito na hubaki chini ya karai pamoja na mchanga mweusi.

Zirkoni inapozaliwa ndani ya magma, inakubali uraniamu kidogo iingie ndani yake, lakini inakataa risasi. Risasi hapa ni ile metali nzito, si ya bunduki, ingawa jina ni moja. Uraniamu haitulii. Polepole, kwa mwendo ambao hakuna joto wala maji yanayoweza kuubadilisha, inageuka kuwa risasi. Kwa hiyo risasi inayokutwa ndani ya zirkoni nzima imezaliwa humohumo. Ni kama mtungi ulioachwa chini ya paa linalovuja kwa tone moja lenye mwendo uleule: ukipima maji yaliyomo, unajua mvua ilianza lini.

Mwendo huo unajulikana. Aina kuu ya uraniamu inahitaji karibu miliari 4.5 za miaka ili nusu yake igeuke. Aina ya pili inakwenda haraka zaidi, nusu yake inageuka katika karibu miaka milioni 704. Kwa hiyo ndani ya zirkoni moja kuna saa mbili. Zikitoa jibu moja, mpimaji anajua kwamba chembe haijavuja. Zikipishana, anajua kuna tatizo.

Kwa mfano, katika zirkoni yenye umri wa miaka milioni 1,375, kwa kila atomi 100 za uraniamu ya aina kuu zilizobaki, kuna karibu atomi 24 za risasi iliyotokana nayo. Katika zirkoni ya miaka milioni 986, kama ile ya Kasika, zinakuwa 16 au 17. Tofauti hiyo kati ya 24 na 17 ndiyo iliyobadilisha historia ya milima.

Hesabu ya kwanza: mlima mmoja mrefu

Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, watafuta madini walizunguka kutoka Katanga mpaka Kivu, Rwanda na Burundi. Kila mahali waliona mawe yanayofanana: mawe ya tabaka yaliyokunjwa, graniti katikati yake, na bati pembeni mwa graniti. Waliyapa mawe hayo jina la Kibara, kutokana na milima ya Kibara iliyo Katanga, upande wa mashariki wa bonde la Upemba. Picha iliyochorwa ilikuwa ya safu moja ya milima ya kale, ndefu kuliko kilomita elfu, kutoka Katanga mpaka kusini-magharibi mwa Uganda na kaskazini-magharibi mwa Tanzania.

Mtu aliyefanya kazi kubwa kutafuta umri wa mawe hayo ni Lucien Cahen, mwanajiolojia aliyeongoza Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati huko Tervuren, Ubelgiji. Mwaka 1966, yeye na Norman Snelling walichapisha kitabu kilichokusanya umri wa mawe ya Afrika ya kati na ya Ikweta. Mwaka 1984 kikafuata kingine kikubwa zaidi, juu ya bara zima.

Saa iliyotumika sana wakati huo haikuwa ya zirkoni. Ilikuwa ya rubidiamu na strontiamu. Mpimaji anachukua vipande kadhaa vya graniti ileile, anavisaga, anapima kiasi cha rubidiamu iliyogeuka kuwa strontiamu, na kuweka majibu kwenye mstari. Njia hiyo ilisaidia sana. Mwaka 1979, Cahen na mwenzake Ledent walipima kwa njia hiyo graniti za bati za mashariki na kupata karibu miaka milioni 976.

Kwa graniti nyingine, majibu yalitawanyika. Wataalamu wakazigawa katika makundi manne, wakayaita G1, G2, G3 na G4, kuanzia ile waliyodhani ni ya kwanza mpaka ile ya bati, ya mwisho. Kila kundi likapewa wakati wake, na kila wakati ukapewa tukio lake la kubana au kuvuta ardhi. Hivyo ikaandikwa kwamba mlima wa Kibara ulijengwa hatua kwa hatua, kwa muda wa karibu miaka milioni 450, kuanzia karibu milioni 1,400 mpaka karibu milioni 950.

Kasoro ilikuwa kwenye saa. Rubidiamu na strontiamu hazikai kwa utulivu kama risasi ndani ya zirkoni. Jiwe likipata joto upya, au maji ya moto yakipita ndani yake, zinahama. Graniti ya zamani iliyopashwa joto baadaye inaweza kutoa umri ulio katikati, ambao si wa kuzaliwa wala si wa kupashwa joto. Ni kama kumuuliza mtu tarehe ya kuzaliwa, akakujibu tarehe iliyo katikati ya kuzaliwa kwake na kuoa kwake. Namba ipo, lakini siku hiyo hakuna kilichotokea.

Hesabu ya pili: tarehe mbili kuu

Mabadiliko yaliletwa na mashine iliyotengenezwa Canberra, Australia, inayojulikana kwa jina la SHRIMP. Inarusha mwale mwembamba wa oksijeni juu ya zirkoni na kuchimba kishimo kidogo mno, chenye upana wa sehemu 20 mpaka 30 za elfu moja ya milimita. Hivyo mpimaji anaweza kupima katikati ya chembe, kisha kupima ukingo wake, kila sehemu peke yake.

Jambo hilo lina maana kubwa kwa graniti za Kivu na Katanga. Nyingi zilitokana na kuyeyuka kwa mawe ya zamani zaidi, na zirkoni haiyeyuki kirahisi. Chembe ya zamani inaweza kubaki ndani ya magma mpya, ikavikwa koti jipya. Katikati ni babu, ukingoni ni mjukuu. Ukisaga chembe nzima, unapata umri usio wa babu wala wa mjukuu. Kwa SHRIMP, kila mmoja anajibu peke yake.

Mwaka 2004, Joseph Kokonyangi, mwanajiolojia Mkongomani, alichapisha pamoja na wenzake, akiwemo Profesa Kampunzu, aliyefundisha Lubumbashi na baadaye Botswana, umri wa zirkoni kutoka graniti za Mitwaba, Katanga. Graniti hizo zilikuwa na karibu miaka milioni 1,380, zikiwa zimekaribiana sana.

Mwaka 2010, Luc Tack wa Tervuren na wenzake walichapisha kazi juu ya upande wa kaskazini, pamoja na Burundi, Rwanda, Tanzania na Kivu. Graniti zilizokuwa zimetawanywa kwenye makundi ya nyakati mbalimbali zilijikuta pamoja, karibu miaka milioni 1,375. Miamba mieusi, mizito, yenye nikeli, ile ya Musongati huko Burundi na Kabanga huko Tanzania, nayo ilikuwa ya wakati huohuo. Graniti ya bati ya Kasika ilisimama peke yake, mbali, kwenye milioni 986.

Kwa maneno mengine, ngazi ndefu ya G1 mpaka G4 ilivunjika. Makundi matatu ya kwanza yakawa tukio moja, kubwa na la haraka. Kisha ukapita muda wa karibu miaka milioni 400. Kisha ikaja graniti ya bati. Ile tarehe ya Cahen na Ledent ya mwaka 1979 kuhusu graniti za bati haikuanguka. Milioni 976 na milioni 986, ukihesabu pengo la kila upande, zinakutana. Graniti hizo za mwisho hazikupata jambo kubwa la kuvuruga saa yao.

Tack na wenzake walisema jambo la pili: safu haikuwa moja. Katikati yake unapita ukanda wa mawe ya zamani zaidi, wa karibu miliari mbili za miaka, unaoitwa Ubende-Rusizi, unaotoka Tanzania, kuvuka upande wa Ziwa Tanganyika, kuelekea bonde la Rusizi. Wakapendekeza jina la Kibara libaki kwa sehemu ya Katanga, na sehemu ya kaskazini, pamoja na milima ya Kivu, iitwe Karagwe-Ankole.

Ubishi ambao haujaisha

Wataalamu wa pande zote wanakubali kwamba karibu na milioni 1,375 palitokea jambo kubwa. Wanabishana kuhusu jambo lenyewe.

Kokonyangi na Kampunzu waliona katika graniti za Katanga alama za mabamba mawili ya dunia yanayokaribiana, moja likizama chini ya jingine, mpaka yakagongana. Kwao, graniti hizo ni za mlima unaojengwa.

Tack na wenzake waliona kinyume. Kwao, graniti nyeupe pamoja na miamba mieusi yenye nikeli, vilivyotokea kwa wakati mmoja, ni alama ya ardhi inayovutwa na kupasuka, huku joto kutoka chini likipanda. Hapo hapakuwa na mlima, palikuwa na ufa. Mlima, kwa maoni yao, ulijengwa baadaye, karibu na miliari moja ya miaka iliyopita, wakati mabara ya dunia yalipokuwa yakikusanyika kuwa bara moja kubwa ambalo wataalamu wanaliita Rodinia. Nguvu ya kugongana kwa mabara mbali na hapa ilifika mpaka ndani, ikayakunja mawe ya Kivu. Baada ya hapo, ndipo graniti ya Kasika na ndugu zake zilipopenya.

Ubishi huo unafundisha kazi ya tarehe. Tarehe ni shahidi, si hakimu. Inaweza kusema ni lini, na inaweza kuondoa hadithi zisizowezekana. Lakini kusema ni kwa nini, kunahitaji kurudi mlimani, kuangalia mikunjo, kupima muundo wa jiwe, na kukubali kusahihishwa.

Koltani ilikuja lini

Swali moja linawagusa wengi zaidi: je, volkano ndizo zilizoleta madini? Kwa kasiteriti, wolframu na koltani ya Kivu, jibu ni hapana. Nyiragongo na Nyamulagira ni wageni wa juzi. Madini hayo yalikuja na graniti za bati.

Graniti inapopoa, kitu cha mwisho kubaki ni maji ya moto na magma nyepesi iliyojaa vitu ambavyo chembe za kawaida zilivikataa: bati, tantalamu, niobiamu, lithiamu. Mabaki hayo yanaingia kwenye nyufa za mawe ya juu na kuganda kama mishipa minene yenye chembe kubwakubwa. Jiwe hilo linaitwa pegmatiti. Mchimbaji wa Rubaya au wa Kalehe analijua hata kama hajui jina lake: ni lile jiwe jeupe, lenye maika inayong'aa kama vioo, mara nyingi limeoza na kuwa udongo mweupe laini.

Koltani yenyewe ina uraniamu kidogo ndani yake, kwa hiyo inaweza kupimwa moja kwa moja. Koltani ya Gatumba, magharibi mwa Rwanda, ilitoa umri wa kati ya miaka milioni 975 na 966. Ile ya Manono, mkoani Tanganyika, penye bati iliyochimbwa tangu enzi za Wabelgiji na lithiamu inayotafutwa leo, ilitoa karibu milioni 940. Zote zinakuja baada ya graniti ya milioni 986, kama moshi unavyofuata moto.

Yaliyobaki ni kazi ya mvua. Milima ya kale ilipoliwa, pegmatiti zilifunuliwa. Kasiteriti na koltani, kwa kuwa ni nzito, hazikwenda mbali. Zilibaki kwenye changarawe za mito na mabonde, ambako wachimbaji wanazipata kwa jembe, koleo na karai, bila mashine. Bonde la Ufa lilipoinua kingo zake, mito ikapata nguvu mpya na kufunua zaidi. Bati ya karibu miliari moja ya miaka inachimbwa leo kwa mkono kwa sababu milima mipya iliinua mizizi ya milima ya zamani.

Umri wa jiwe na soko la madini

Kuna matumizi ya tarehe hizi yanayofika mpaka kwenye gunia. Katikati ya miaka ya 2000, taasisi ya serikali ya Ujerumani inayoshughulikia jiolojia, iliyo Hannover, ilianza kutengeneza njia ya kutambua koltani inatoka wapi kwa kusoma jiwe lenyewe, kwa kuwa karatasi zinaweza kughushiwa. Mojawapo ya mambo yanayosomwa ni umri. Koltani ya Australia ya magharibi ina umri wa zaidi ya miliari mbili na nusu. Ile ya Msumbiji ni changa zaidi, karibu nusu ya miliari. Ile ya Afrika ya kati inaangukia karibu na miliari moja. Gunia lililoandikwa jina la nchi ya mbali, lakini lenye koltani ya milioni 960, linajisema lenyewe.

Njia hiyo ina mpaka wake. Koltani ya Masisi na ile ya upande wa pili wa mpaka zilizaliwa katika kipindi kimoja, kutoka familia moja ya graniti. Umri peke yake hauwezi kuzitenganisha. Ni lazima kuongeza muundo wa kila mgodi, na kuwa na vipande vya kulinganisha vilivyochukuliwa mgodini penyewe, na mtu anayeaminika. Pasipo amani, kuvipata ni kazi ngumu.

Hilo ndilo pengo lililobaki hata katika historia ya milima. Mawe mengi yaliyokusanywa Kongo zamani yamehifadhiwa Tervuren. Graniti nyingi za Kivu hazijapimwa kwa zirkoni, kwa sababu vita vimefunga njia za kufika. Vyuo vikuu vya Bukavu na Lubumbashi vina wanafunzi wa jiolojia, lakini mashine za kupima umri wa zirkoni ziko ng'ambo, na vilima vya kuchukua vipande viko mahali ambako hata wenye mashamba hawawezi kulala.

Wakati huohuo, katika familia zilizohamia Bukavu, Goma na Uvira kuna wazee wanaokumbuka vizuri kilima kipi kina jiwe jeupe, mto upi una mchanga mweusi, na mahali gani Wabelgiji walichimba mashimo ya majaribio. Mwanajiolojia akija na ramani, mtu wa kwanza anayehitaji kumuuliza ni mzee wa namna hiyo. Kasika ilipata tarehe yake kwa sababu kuna siku moja mtu alifika pale, akavunja kipande cha graniti, akaandika mahali alipokitoa, akarudi nacho salama.